Draivu iliyofia mapumzikoni: kisa cha pampu ya chumvi kaskazini mwa Malindi

Karatasi ya sevisi ilikuwa imebandikwa upande wa ndani wa mlango wa kabati, na saini iliyo chini yake ni yangu. Visanduku vyote vimetiwa vema: feni, filta, skrubu za nyaya, hita, joto la viungio. Tarehe ni ya wiki sita kabla. Na ndani ya kabati hilo hilo draivu ya kilowati 55, kile kifaa kinachoilisha mota ya pampu stima, ilikuwa imekufa, harufu yake bado imejaa chumbani, ile harufu ya kapasita (kikopo cha kutunza stima ndani yake) iliyopumua ambayo fundi stima akiikuta mara moja haisahau tena. Sakafuni, juu ya kipande cha katoni, alikuwa amelazwa mwenzake wa aina ile ile na ukubwa ule ule. Huyo alikuwa ametangulia. Draivu mbili ndani ya muda usiofika saa kumi na tatu.

Meneja aliniuliza swali moja tu: "Fundi, si ulipita hapa juzi?"

"Nilipita, bosi."

Hakuongeza neno, na afadhali angeongeza.

Kiwanda chenyewe sitakitaja. Ni kimoja kati ya vile vya chumvi unavyovikuta ukishavuka daraja la Sabaki, ukapita Mambrui, ukawa unaelekea Gongoni na Marereni. Kazi yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu kama 35 kwa lita. Yanavutwa kutoka hori hadi bwawa la kwanza, yanapitishwa bwawa kwa bwawa kwa mageti, jua na upepo vikiyala taratibu, hadi yakifika kama digrii 25 kwenye kipimo cha Baumé, kinachopima uzito wa maji ya chumvi, chumvi inaanza kuanguka chini. Safari hiyo huchukua wiki nyingi. Kwa hiyo pampu ya horini ikikosa kazi leo, hasara haionekani leo. Itaonekana mabwawa ya mwisho yatakapodai maji yasiyokuwepo, na hapo hakuna atakayekumbuka siku ile ya stima.

Na pampu haifanyi kazi kila siku. Inafuata bahari. Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kwenye pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Siku hizo hori linafurika na pampu inapata saa chache za kunywa kila maji yanapojaa. Yakishakuwa maji mafu, yaani bahari isiyojaa sana, mdomo wa bomba la kuvutia haufikiwi, basi kila kitu kinazimwa. Siku sita au saba za kazi, siku saba au nane za kupumzika, mwaka mzima. Ratiba hiyo naomba msomaji aishike, maana mimi niliijua miaka yote na sikuifikiria hata siku moja.

Sasa yaliyotokea. Ilikuwa Januari, kaskazi imekaa sawa, mvua hakuna, ndiyo miezi ambayo mwenye mabwawa ya chumvi hataki kukosa hata maji ya siku moja. Siku ya kwanza ya bamvua, saa tisa na nusu alasiri, kijana wa zamu aliinua swichi kuu, akasubiri skrini ya draivu iwake, akabonyeza kitufe cha kijani. Ikalia hitilafu. Akaireseti. Ikalia tena. Akaireseti mara ya pili, na safari hii mota ikaanza kuzunguka, ikafika kama 12 Hz (mizunguko ya stima kwa sekunde), halafu mlio mmoja: paa! Kama mtu aliyekanyaga kopo. Breka ikaanguka.

Uamuzi uliofuata haukuwa wa kijinga. Stoo kulikuwa na draivu ya speya, katoni haijawahi kufunguliwa, imenunuliwa miaka minne nyuma kwa ajili ya siku kama hiyo. Vijana waliifunga usiku kwa mwanga wa tochi za simu, wakaingiza vipimo vya mota upya, na saa kumi kasoro alfajiri wakaiwasha. Pampu ikazunguka, maji yakatoka, meneja akapigiwa simu ya habari njema kitandani kwake. Haikumaliza robo saa. Kapasita zikapumua, moshi mweupe ukatoka juu ya kabati, giza.

Ndipo nikapigiwa mimi. Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshafika kwa pikipiki, vumbi la njia limenijaa masikioni.

Washukiwa wa kwanza

Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Wa meneja alikuwa stima ya laini: imeruka, imepiga vyombo. Si dhana ya ovyo, maana kiwanda kiko mwishoni mwa laini ndefu. Hiyo ndiyo sababu hata ya kufunga draivu pale. Mota ya kilowati 55 inavuta kama ampea 100 ikiwa kazini, lakini ukiiwasha moja kwa moja hudai mara sita au saba ya hizo kwa sekunde kadhaa, na mwisho wa laini huko taa zote zinakunja uso. Draivu inaianzisha polepole. Inachukua stima ya fezi tatu, volti 415, inaipitisha kwenye dayodi ikawa DC ya volti kama 580, inaituliza kwenye kapasita, kisha transista zinaikatakata maelfu ya mara kwa sekunde kuunda stima mpya yenye Hz unazotaka.

Lakini stima ikiruka hairukii chombo kimoja. Mota za mashine ya kuoshea chumvi zilikuwa nzima, hata chaja ya simu kwenye kibanda cha mlinzi ilikuwa nzima. Nikamweka meneja pembeni kwa heshima.

Mshukiwa wa kijana wa zamu alikuwa mota. Nilimkuta ameshashika mega, ile mita ya kupima kama nyaya zinavujisha stima, ameibana kwenye vituo vya U, V, W ndani ya kabati, anataka kubonyeza.

"Subiri kwanza, kaka. Nyaya umezitoa?"

"Si draivu imeshakufa, fundi?"

Hapo alikuwa na haki nusu. Mega inatuma volti 500 au 1000, na ukiipiga wakati kebo ya mota bado imeshikana na draivu, volti hizo zinaingia kwenye transista. Draivu nyingi zimeuliwa na mtu aliyekuwa anaikagua mota. Hii ilikuwa imekufa, kweli, lakini hatukujua bado kipi ndani yake kinafaa kuokolewa. Tukazitoa nyaya tatu, tukapiga mega ya volti 500 mota pamoja na kebo yake ya mita 90. Ikasoma megaohm 38. Kwa mota ya volti 415 kiwango cha chini kinachokubalika cha IEEE 43, mwongozo wa wahandisi wa stima, ni megaohm 5 zikisawazishwa kwa joto la nyuzi 40. Mota haikuwa bingwa, lakini haikuwa muuaji.

Nilichotaka mimi ni kumbukumbu ya draivu ya kwanza. Draivu huandika hitilafu zake za mwisho na saa zilipotokea, ila ukiwa huna stima huwezi kuzisoma, na kuiingizia volti 415 maiti ile nisingethubutu. Bahati yake ilikuwa na sehemu ya kuingiza volti 24 za nje kwa ajili ya bodi ya akili peke yake. Chaja ya volti 24 hatukuwa nayo. Tuliazima betri za bodaboda mbili zilizokuwa zimeegeshwa getini, volti 12 na 12, tukaziunga kwa mfululizo, na skrini ikawaka bila taabu. Wenye pikipiki walisimama nyuma yangu muda wote, wakizilinda betri zao kuliko mimi nilivyoilinda draivu.

Hitilafu kumi za mwisho. Mbili zilikuwa za volti kushuka, hizo za laini, za kawaida. Nane zilizobaki zilikuwa za aina moja: mkondo kuvuja kwenda ardhini, au ampea kuzidi wakati wa kuanza. Na zote nane zilitokea dakika chache tu baada ya draivu kuwashwa. Hakuna hata moja iliyotokea katikati ya kazi.

Nikaomba daftari la zamu. Mwandiko mzuri, kila mstari: "Imelia. Nimereseti. Iko sawa." Mstari huo huo, tarehe tofauti, miezi kadhaa. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuwahi kuliomba daftari. Karatasi yangu ya sevisi haina kisanduku cha daftari.

Aliyeziunganisha tarehe hizo hakuwa fundi. Ni mzee wa mageti, yule anayefungua na kufunga njia za maji, ambaye amekula chumvi nyingi kwa maana zote mbili. Alikuwa amekaa kwenye tuta akisubiri tumalize.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo yenu imeanza tena?"

"Kwani imeanza lini?"

"Tangu vuli inasumbua. Lakini ni siku ya maji ya kwanza tu. Siku ya pili huwa haina neno."

Nikarudi na daftari nikaliweka kando ya kalenda ya maji aliyonayo kibandani kwake. Kila "imelia" ilikuwa siku ya kwanza ya bamvua. Kila moja.

Ndani ya draivu

Kabla ya kufungua draivu yoyote, hata iliyokufa, unasubiri dakika zilizoandikwa ubavuni mwake, nyingi ni kati ya 5 na 15, halafu unaweka mita kwenye vituo vya DC na kuhakikisha kwa macho yako kwamba volti zimeisha. Kapasita hazijui kwamba breka imeanguka. Nilipima, sifuri, nikafungua.

Juu kulikuwa safi. Nilikuwa nimepuliza mimi mwenyewe wiki sita nyuma. Nilipotoa bodi ya juu na kuangalia chini yake, mahali ambapo bomba la kupulizia upepo halifiki, nilikuta ukungu mweupe mwembamba kama unga uliobaki kwenye ungo. Kwenye miguu ya shaba ya moduli ya transista ukungu huo ulikuwa umegeuka kijani. Na kati ya miguu miwili, umbali usiofika upana wa ukucha, kulikuwa na mstari mweusi uliochorwa kwenye plastiki, mwembamba kama uzi, umepinda kidogo katikati. Hiyo ndiyo njia iliyopitiwa na stima. Nilipitisha kidole kwenye ule unga, nikakigusisha ulimini. Chumvi.

Mtu atasema, kiwanda cha chumvi, ulitarajia sukari? Ni kweli. Lakini chumvi kavu haipitishi stima. Vumbi la chumvi linaweza kukaa kwenye bodi miezi na miezi likiwa kavu na lisidhuru kitu. Inayoua ni chumvi iliyokunywa maji, na chumvi ya kawaida ina tabia moja inayojulikana: hewa inayoizunguka ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, inaanza kuyavuta maji ya hewani hadi inayeyuka yenyewe. Kila mtu wa pwani ameiona kwenye kibakuli cha chumvi mezani. Na kwetu Malindi usiku asilimia 75 ni kitu cha kawaida, hata kaskazi, hata kusiponyesha. Mvua kukosekana hakumaanishi hewa ni kavu.

Sasa rudi kwenye ile ratiba. Siku za bamvua draivu inafanya kazi, feni yake inavuta hewa kutoka chini, na hewa ya pale inakuja na vumbi la chumvi. Filta inazuia lile kubwa, dogo linapita. Lakini draivu ikiwa kazini ina joto lake, ndani ni kukavu, vumbi linakaa tu. Zikija siku za maji mafu, swichi kuu inashushwa, kabati linapoa, usiku unyevu unaingia, na lile vumbi linakunywa. Usiku mmoja, miwili, nane. Bodi inakuwa imepakwa maji ya chumvi. Siku ya tisa kijana anainua swichi, na volti 580 zinakuta daraja lililo tayari. Mara nyingi draivu yenyewe inahisi uvujaji, inalia, inakataa. Anaireseti. Katika dakika hizo mbili tatu za kuwashwa joto kidogo limeingia, daraja limekauka nusu, inakubali, na siku ya pili ni kavu kabisa, haina neno. Hadi siku moja daraja likawa nene kuliko kawaida.

Sisi mafundi tumefundishwa kuogopa joto. Kila kozi inaanza na ile kanuni ya kapasita, kwamba ukiipunguzia nyuzi 10 umri wake unakaribia kuzidi mara mbili, na ni kanuni ya kweli. Ndiyo maana tunabeba bunduki za kupimia joto, tunasafisha feni, na tukikuta chombo kimepoa tunafurahi. Pale chombo kilikuwa kinauliwa na kupoa.

Kuna hita, lakini. Aliyejenga kabati lile hakuwa mjinga, aliweka hita ndogo ya wati 100 chini ya kabati, kazi yake hasa ni kukausha ndani wakati mashine imezimwa. Na mimi kila sevisi niliijaribu: naweka mkono, moto, natia vema. Nikafuata waya wake kwa kidole. Ulikuwa umechukuliwa baada ya swichi kuu.

Naeleza tena, kwa sababu nililazimika kujieleza mwenyewe mara mbili nikiwa nimechuchumaa pale. Hita ya kukausha kabati lililozimwa ilikuwa inazimwa pamoja na kabati. Ilipata moto siku za bamvua tu, siku ambazo haihitajiki, na ndizo siku nilizokuwa napita mimi. Kwa nini nilipita siku hizo? Kwa sababu ndipo unapokuta watu, na huwezi kupima joto la viungio bila mashine kubeba mzigo. Kila nilichoandika kwenye ile karatasi kilikuwa kweli. Nilikuwa nakagua mgonjwa siku alizopona.

Speya nayo

Draivu ya pili haina uhusiano na chumvi. Hiyo ilikuwa safi, bado ina karatasi ya nailoni kwenye skrini. Nilisoma lebo ya tarehe ya kutengenezwa, nikahesabu: ilikuwa imekaa bila kuonja stima zaidi ya miaka minne.

Kapasita za draivu, zile ndefu kama makopo, zinategemea ngozi nyembamba sana ya oksidi ya alumini iliyo juu ya karatasi yake ya ndani. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia volti. Inajijenga na kujitibu kapasita ikiwa na volti, na inadhoofika ikikaa muda mrefu bila. Mwaka mmoja hauna shida. Baada ya hapo kila mtengenezaji ana maelekezo yake, lakini yanafanana: iliyokaa mwaka hadi miwili iwashwe bila mzigo kwa saa nzima kwanza. Iliyokaa zaidi ya hapo ipandishwe kwa transfoma ya kuongeza volti polepole, robo ya volti, nusu, robo tatu, kisha zote, na kila hatua ipewe nusu saa hadi saa mbili kulingana na miaka. Ukiipa volti kamili na mzigo kamili papo hapo, ngozi dhaifu inavujisha, kapasita inachemka ndani, gesi inatafuta njia. Robo saa ilitosha.

Nilimweleza mtu wa stoo, akanijibu jambo ambalo sikuwa na jibu lake: "Fundi, mimi nimeambiwa nitunze kitu kikiwa kipya. Nimekitunza kikiwa kipya." Na kweli, alikitunza vizuri. Kwenye katoni hakuna anayeandika kwamba kitu hiki kina njaa.

Bamvua ilikuwa inaendelea, na siku za maji makubwa ni za kuhesabu. Asubuhi ile walikokota pampu ya trekta hadi horini, ikasaidia kiasi. Mimi na kijana wa zamu tukakaa na maiti mbili. Ya kwanza: transista zimekufa, kapasita nzima. Ya pili: kapasita zimekufa, transista nzima. Nilipima kapasita za ile ya kwanza moja moja. Kapasita ikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango kilichoandikwa, umri wake umekwisha. Hizi zilikuwa juu ya 90, na zilikuwa zimeonja stima siku iliyotangulia. Tukazihamisha. Saa nyingi zilikwenda kwenye kufuta yale maji ya kapasita zilizopumua kwa pombe ya kusafishia na brashi ya meno, kila kona, kwa sababu nayo yanapitisha stima. Saa kumi ya alasiri ilitupita tukiwa bado na brashi. Saa kumi ya alfajiri tuliikamata. Niliiwasha bila mzigo saa nzima kabla, nimeketi mbali kidogo na mlango, na sioni aibu kusema hivyo.

Kilichobadilishwa

Hita imepewa breka yake, inachukua stima kabla ya swichi kuu. Hili ni dogo kwa kazi na kubwa kwa hatari, kwa sababu sasa ndani ya kabati ambalo mtu anaamini amelizima kuna waya ulio hai. Tumeutumia waya wa rangi ya chungwa, tumefunika vituo vyake, na mlangoni kuna maandishi ya Kiswahili makubwa: KUNA STIMA YA HITA HATA SWICHI IKIWA CHINI. Anayekopa wazo hili bila maandishi hayo, na alipie mazishi.

Meneja alitaka kujua itamla kiasi gani. Wati 100 kwa saa 24 ni uniti 2.4. Siku nane za maji mafu, hazifiki uniti 20, na hiyo ni kama inawaka bila kupumzika. Tumeifungia swichi ya unyevu, inawaka hewa ya ndani ikizidi asilimia 60. Watu hudhani hita inapaswa kuwa jiko. Si lazima. Hewa ya nyuzi 26 yenye unyevu wa asilimia 85, ukiipasha nyuzi 8 tu, unyevu wake unashuka hadi karibu 54, na chumvi haiwezi kunywa kitu hapo.

Sevisi nayo imehama. Sasa sehemu moja naifanya bamvua, ile ya joto na ampea, na sehemu ya pili siku ya mwisho ya maji mafu, alfajiri, kabla ya kuwashwa: kuangalia chini ya bodi kwa tochi na kioo, kusoma mita ya unyevu, kugusa hita swichi kuu ikiwa chini. Tarehe sizitoi kwenye kalenda ya ukutani. Nampigia mzee wa mageti. Draivu mpya iliyoagizwa ni ya bodi zilizopakwa vanishi ya kiwandani, daraja la 3C3 kwa hewa yenye vitu vya kula chuma, na hiyo ingefaa kuagizwa tangu mwanzo. Vanishi hata hivyo inanunua muda, haizuii.

Na kureseti: mara moja tu. Ikilia mara ya pili, mtu anapiga simu. Kijana wa zamu aliuliza, na maji je, yakiwa yanapita? Nikamwambia aandike hilo swali kwenye daftari, ajibu meneja, kwa sababu si langu kulijibu.

Yapo mawili ambayo hayakuhusika na kisa hiki lakini yananikaa. Kebo ya mita 90 ni ndefu kwa draivu isiyo na koili upande wa stima inayotoka. Mapigo ya volti yanaporudi kutoka kwenye mota yanaweza kufika karibu mara mbili ya zile za DC, na waya wa ndani ya mota ndio unaoyapokea. Na beringi ya nyuma imeanza kuimba. Nikiifungua na kukuta mistari kama ya ubao wa kufulia, itakuwa ni mkondo unaopita kwenye shafti, na nitaomba beringi iliyohamiwa, isiyopitisha stima. Vyote viwili nimeviandika kwa meneja. Amesema baada ya masika.

Speya mpya ilifika mwezi uliofuata. Juu ya katoni nimeandika kwa kalamu nene: IWASHWE KWA SAA NZIMA KILA JANUARI. Mtu wa stoo ameisoma, ameizunguka, kisha akaniuliza ni nani atakayekuwa anatia saini.